Miguu kwa Njue, Vifuniko Kwangu

Marigu alinipigia simu nikiwa dukani hapa Embu, nabishana na mtu juu ya bei ya fenibelti. Hakunisalimia. Alisema, "Mzee Kinoti, Njue ametuacha. Tunazika Alhamisi. Alisema ukuje na vile vifuniko." Kisha akakata. Nikabaki nimeshika simu sikioni, na yule mteja akadhani kimya changu ni kukubali bei yake, akaanza kuifunga fenibelti kwa gazeti. Nilimpokonya. Hata siku ya msiba mtu akikuona umenyamaza anajaribu.

Njue alikuwa mume wa Marigu, mtu wa Siakago, na katika ujana wetu alikuwa mwenzangu wa biashara. Vifuniko alivyovitaja Marigu ni vipande vitatu vya chuma, kila kimoja kama nusu ya bangili nene, vilivyotoka ndani ya injini ya pikapu yetu. Nimekaa navyo miaka yote hiyo ndani ya mkebe wa majani chai, kwenye rafu ya juu kabisa ya duka, mahali ambapo hata wafanyakazi wangu hawafiki bila ngazi, na ngazi ninaiweka mimi. Mke wangu aliwahi kuniuliza ni vya nini. Nikamwambia ni ushahidi. Hakuuliza ushahidi wa nini, amenizoea.

Nilimpigia binamu yangu Mwiti, yuko Kibirichia, naye alikuwa mwenzetu wa tatu. Alisema usiende. "Marehemu haombi vyuma," alisema. "Kuna mtu anataka kukubambikia kitu mbele ya watu." Na mimi nilikuwa nimeliwaza hilo hilo. Nawajua watu wa matanga. Mtu anapewa kipaza sauti aseme marehemu alikuwa mpole, badala yake anaanza kutafuta nani alimwonea marehemu, na macho yote yanakugeukia wewe uliyekuja na koti zuri. Nilivaa koti hata hivyo. Vifuniko nikavitia mfuko wa ndani, nikafunga kifungo.

Ya baba na mama sitaandika. Anayetaka hayo aende Kibirichia asome makaburi. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na mengine yote nimejifunza kwa kuibiwa. Leo nina duka la spea na malori yangu yako barabarani, na hakuna mtu anayeweza kusema alinishika mkono. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja tu, ule niliouingia nikiwa mkulima wa viazi na nikautoka nikiwa mtu wa vyuma, maana mwaka huo ndio ulionifanya niwe hivi nilivyo, na Alhamisi hiyo, ndani ya nyumba ya Njue, nililazimika kuuangalia tena.

Biashara yenyewe ilikuwa na akili. Kwetu Kibirichia, huko Meru kwenye baridi, tulikuwa na viazi mpaka vinaota mikono stoo. Siakago ni joto, viazi havikubali, na watu wanavitaka. Njue alipanda mara ya kwanza kuja kununua gunia, akatukuta mimi na Mwiti tunalalamika juu ya madalali, na jioni ile ile tukakubaliana watatu kununua pikapu kuukuu ya mwalimu mmoja aliyestaafu. Viazi viteremke, ndengu na mbuzi wapande. Tulifanya safari chache tu, pikapu ikaanza kunywa oili kama ng'ombe na kutoa moshi wa buluu, mpaka mtu akiwa nyuma yetu hajui kama ni mvua inakuja. Tukaipeleka gereji moja ya Embu. Fundi alisikiliza injini, akasema lazima ifunguliwe yote, ringi mpya, beringi mpya, na tuiache kwake.

Kuiacha. Neno hilo tulilitafuna watatu. Watu wa kwetu hawaachi gari kwa fundi, hata leo. Mwenye gari anakuja na kiti chake, anaketi pale gereji asubuhi mpaka jioni, anaangalia kila kinachotoka na kila kinachorudi, kwa sababu akigeuza shingo, kizuri chake kinatolewa na kibovu kinawekwa. Siku hiyo walikuwapo wazee wawili wameketi kando ya magari yao kama wagonjwa kwenye foleni, na niliwasikia wakiongea.

"Wewe umekaa hapa tangu lini?"

"Tangu wiki jana. Nikienda kujisaidia, mke wangu anakaa."

"Na akichoka?"

"Anachokaje, na gari iko wazi?"

Njue alitema mate pembeni akasema yeye ana mbuzi wa kuchunga, hana muda wa kuchunga fundi. Mwiti naye aliwahi kufungua pampu ya maji ya kanisa ikakubali kurudi, na tangu siku hiyo hakuna chuma alichokiogopa. Alisema, "Injini ni nini? Ulichokifungua, utakifunga. Tuipeleke nyumbani." Sikubishana. Mimi nilikuwa nawaogopa mafundi kuliko nilivyoiogopa injini, na hapo ndipo wengi wanapotea. Vijana wanaokuja dukani kwangu leo wakiwa na spana mpya na video za simu, wanataka gasketi na ringi wakajifanyie wenyewe nyumbani, huwa nawauliza swali moja: ni injini unaijua, au ni fundi humwamini? Wananiangalia kama mzee mwenye dharau. Ni kweli, ninayo. Lakini nawauzia.

Tuliifungulia stoo ya viazi ya Mwiti. Nakiona kile chumba hata sasa. Kuta za mbao, dirisha moja lililozibwa na gunia kwa sababu viazi havitaki mwanga, sakafu ya udongo, na harufu ile ya viazi vilivyoanza kuchipua, tamu kidogo na nzito kidogo, ikichanganyika na mafuta ya taa. Injini tuliikalisha juu ya magogo. Vyuma tulivioshea kwenye karai ambalo mke wa Mwiti, Kanana, alikuwa akimwogeshea mtoto, na alipoligundua hakupiga kelele, alisimama tu mlangoni akasema, "Baba Kendi, mtoto leo ataoga kwa kofia yako." Tulivipangusa kwa magunia yale yale yaliyobeba viazi. Vumbi la shamba liko humo, nyuzi za gunia ziko humo, na sisi tunaona tumesafisha kwa sababu chuma kinang'aa. Chakula Kanana alikileta kwenye sinia, viazi vilivyochemshwa na maganda yake, chumvi pembeni, chai ya maziwa. Tulimenya kwa vidole vyenye oili. Njue aliangalia sinia kila siku kama mtu aliyefungwa.

"Nyinyi Wameru," alisema, "mmewahi kuonja chakula kingine?"

"Sisi tunakula tulichopanda," Mwiti akamjibu. "Nyinyi mnakula alichobakiza mbuzi."

Tulicheka wote, lakini kicheko kilikuwa kile cha watu wanaoangaliana mikono.

Kwa maana injini iliyofunguliwa si kitu kimoja tena, ni vitu vingi, na kila kitu kina bei. Jioni ya kwanza tulipotaka kuondoka, Njue hakuinuka. Yeye alikuwa amepanga chumba kwa mjane mmoja hapo sokoni. Alisema, "Nyinyi ni ndugu. Mimi nikienda, stoo inabaki na ndugu." Mwiti akasema funguo atapewa Njue. Mimi nikakataa Njue awe na funguo, maana viazi vyangu pia vilikuwa stoo humo. Tukakaa hapo mpaka chai ikapoa. Mwishowe ni mimi niliyetoa shauri, na wote walilisifu: tugawane injini. Mwiti akae na kichwa cha injini na vali zake. Njue akae na pistoni pamoja na miguu yake, vile vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye pistoni kwenda kushika krenki, ule mhimili unaozunguka. Na mimi nikae na krenki pamoja na vifuniko vya miguu hiyo. Mguu wa pistoni unaishika krenki kama mkono unavyoshika mpini wa jembe, nusu ya mkono ni mguu wenyewe na nusu ya pili ni kifuniko, halafu nati mbili zinakaza. Mguu bila kifuniko hakuna atakayeununua. Kifuniko bila mguu ni takataka. Tuliona tumefanya jambo la werevu mkubwa. Hakuna anayeweza kuuza bila wenzake, na hakuna anayehitaji kumwamini mtu.

Basi kila jioni tulitoka pale kama wachawi, mmoja na kapu la pistoni begani, mwingine na kichwa cha injini kwenye toroli, mimi na vifuniko mfukoni na krenki imefungwa blanketi. Krenki ilikaa chini ya kitanda changu, karibu na jembe. Asubuhi tunarudi, tunahesabu, tunaosha tena.

Ni katika kuosha ndipo Njue alipoziona zile alama. Alikuwa ameinua mguu mmoja kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akaacha kutafuna. Ubavuni mwa mguu kulikuwa na mkato mdogo, kama umepigwa na tindo. Akachukua mwingine, una mikato miwili. Akaniambia nitoe vifuniko. Navyo vilikuwa na mikato.

Kwao Mbeere, upande huo wa Siakago, mbuzi hukatwa masikio, kila boma na mkato wake, ili mbuzi akichanganyika au akiibwa ajulikane. Njue alitugeukia akatuuliza polepole, "Nani kati yenu ameshaweka alama yake?"

"Alama gani?"

"Usiniulize alama gani. Nimezaliwa kwa mbuzi. Mtu anakata sikio leo, kesho anakuja na mashahidi anasema huyu ni wangu."

Mwiti akaapa kwa Mungu wake. Mimi nikasema vifuniko vimelala kwangu lakini miguu imelala kwa Njue, na yote ina alama, kwa hiyo aliyeweka alama ana mikono miwili mirefu. Njue akasema au ni wawili wamesaidiana. Hapo Mwiti akainuka, mimi nikainuka, na Kanana akaingia na chai, akatutazama, akairudisha chai. Tulipotulia tulikubaliana jambo ambalo mpaka leo, nikilikumbuka nikiwa peke yangu, nanyanyuka kwenye kiti. Tulikubaliana kuzifuta. Alama yoyote isiwepo, chuma kiwe cha wote. Tulileta tupa, ile ya kunolea mapanga, tukasugua watatu kwa zamu mbele ya macho ya watatu, mpaka ubavu wa kila mguu na kila kifuniko ukawa laini kama shavu. Baada ya hapo tulipeana mikono. Nadhani ndiyo siku pekee ya mwaka huo tuliyokula tukifurahi. Hata Njue aliongeza kiazi.

Amani ile haikukaa. Nikiwa nyuma ya stoo siku moja natafuta kipande cha ubao, nilimsikia Kanana ndani akimwambia mumewe, "Huyo wa Siakago hafungi macho hata akiombewa. Na huyo Kinoti wako pia umwangalie, mbona shauri la kugawana lilitoka kwake?" Mwiti hakunitetea. Alisema tu, "Ninamwangalia." Nilirudi na ubao wangu nikaendelea na kazi kama sijasikia, lakini tangu hapo nami nikaongeza macho.

Kurudisha injini kulichukua muda kuliko kuifungua. Ringi mpya tulizinunua Meru kwa kukisia, tukipima kwa uzi. Miguu ikaingia, vifuniko nikavitoa mfukoni, nikavifunga kimoja baada ya kingine jinsi mkono ulivyoviokota, kwa kuwa vyote vilikuwa sawa machoni, na sisi ndio tuliovifanya viwe sawa. Mwiti akakaza nati. Alipokwenda kunawa, Njue akachukua spana akakaza tena, kwa sababu hakuamini kama Mwiti amekaza. Na mimi, Njue alipotoka kuvuta sigara, nilivisha bomba kwenye mpini wa spana nikakaza kwa uzito wangu wote, kwa sababu sikuamini wote wawili. Nati ililia kidogo. Nikaona huo ni mlio wa kukubali.

Injini ilikuwa nzito kuzunguka. Ilibidi tuisukume watu wengi pale mteremkoni kabla haijashika, na ilipowaka ilikuwa na sauti ya mtu anayekohoa akijificha. Nikasema, "Hii mbona ngumu?" Mwiti akasema, "Ni mpya. Kitu kipya lazima kiwe kigumu. Viatu vyako vipya havikubani?" Kwa sababu ya viatu nikakubali. Wanawake wa kanisa la Kanana walikuja kuiombea kabla ya safari. Tuliambiwa tufumbe macho, na wote tukafumba isipokuwa Njue. Najua kwa sababu mimi pia sikufumba.

Tulipakia viazi mpaka pikapu ikainama. Kwangu mimi mavuno yote ya msimu ule yalikuwa humo, na kwa Mwiti pia, maana tuliwafukuza madalali kwa maneno ambayo hayarudishwi. Mwiti alishika usukani, Njue akaketi kando yake, mimi nikapanda juu ya magunia, sehemu ambayo naweza kuwaona wote wawili kupitia kioo cha nyuma. Tulipita Meru, tukapita Chuka, na nilianza kuamini. Kile kikohozi kilikuwepo, lakini ukikaa na kikohozi unakizoea. Ilikuwa baada ya kuacha lami, tunateremka kuelekea Siakago, jua la mchana linapiga, ndipo kikohozi kikawa nyundo. Go, go, go, mtu anabisha hodi kutoka ndani. Mwiti akaachia pedali ya mafuta. Nyundo ikapiga mara moja ya mwisho na mguu mmoja wa pistoni ukatoboa ubavu wa injini ukatokea nje, kama mfupa unavyotokea kwenye ngozi, na oili ya moto ikamwagikia ekzosi.

Pikapu ilisimama kwa kujigonga kwenye ukingo wa udongo. Moshi, kisha moto. Mwiti angeweza kukimbia. Badala yake alifungua boneti akaingiza mikono kung'oa mpira wa petroli, kwa sababu moto ungefika kwenye tangi, na mimi niko juu ya magunia mguu umebanwa, hadithi hii ingeandikwa na mtu mwingine. Aling'oa. Watu walikuja mbio na mchanga, moto ukazimwa. Lakini mikono ya Mwiti ilikuwa imepikwa. Leo ni mzee wa kanisa, na Biblia anaishika kwa viganja viwili, kama mtu anayebeba sahani ya moto, kwa sababu vidole vya kushoto viliungana.

Na sasa sikiliza lililonitia sumu. Magunia yalipasuka, viazi vikabingirika mpaka kwenye mashamba ya mtama, na wale watu waliokuja na mchanga walirudi na vikapu. Nilimwona mama mmoja akikusanya kwenye kanga, nikamfokea. Akamgeukia Njue akamwita kwa jina, "Baba Nyaga, huyu ni nani?" Walikuwa majirani zake. Pikapu ilivunjikia karibu na mlango wa Njue, na yeye hakuwa na hata mkwaruzo. Nikaanza kuunganisha. Yeye ndiye aliyelala na miguu ya pistoni. Yeye ndiye aliyeziona alama wa kwanza na kuanzisha ugomvi uliofanya zifutwe. Je, kama aliuza mguu mzima na kurudisha mbovu, kisha akahakikisha hakuna alama ya kumshtaki? Mwiti alipotoka hospitalini nilimkuta ameshafika hapo hapo bila msaada wangu. Na Njue, nilisikia baadaye, alikuwa akisema sokoni Siakago kwamba Wameru wawili walimwekea vifuniko vya bandia ili wavunje ushirika.

Injini iliyokufa tuliifungua mara ya pili, kando ya barabara, bila kusemezana. Mguu mmoja ulikuwa vipande na kifuniko chake kimesagika. Iliyobaki mitatu tuligawana kama kawaida yetu, miguu kwa Njue, vifuniko kwangu, kila mtu na ushahidi wake. Kichwa cha injini Mwiti alikichukua, na mpaka leo kuku wake wanakinywea maji.

Sikurudi shamba. Niliingia gereji Embu kuomba kazi ya kuosha vyuma, si kwa sababu niliipenda, bali nilitaka kujua niliibiwaje. Fundi mkuu aliitwa Njagi, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa. Injini ya kwanza aliyoifungua mbele yangu, kabla hajagusa nati ya mguu wowote, alichukua tindo ndogo na nyundo. Akapiga mkato mmoja kwenye mguu, mkato mmoja kwenye kifuniko chake. Uliofuata, miwili na miwili. Karai la mafuta ya taa lilinitoka mkononi.

"Unaweka alama ya nini?" nikamuuliza.

"Nisisahau. Mguu na kifuniko vimechongwa vikiwa vimefungwa pamoja. Kila kifuniko kina mguu wake. Ukikiweka kwa mguu mwingine, tundu si duara tena. Utaona beringi inalika, inalika, halafu siku moja mguu unakatika."

"Mtu anajuaje kama ni chenyewe?"

"Kifunge, upitishe ukucha hapa kwenye kiungo. Ukikwama, si chake. Ukipita kama hakuna kiungo, ni chake."

"Na nati ikikazwa na watu watatu, mmoja baada ya mwingine?"

Aliniangalia. "Kwa nini watatu?"

"Nauliza tu."

"Bolti inavutika inachoka. Lakini hao watu watatu," akasema akirudi kwenye kazi yake, "hawapendani?"

Jumapili iliyofuata niliteremka Siakago na vifuniko vyangu. Njue alinipokea ndani, siwezi kusema hakunipokea. Chumba kidogo cha mabati, joto linatoa jasho kwenye kope, kalenda moja ukutani, meza yenye mguu uliofungwa kamba. Marigu alikuwa bado kijana, ana mtoto mgongoni, akapakua ndengu na chapati akaziweka katikati yetu. Nikamweleza Njue yote, tindo, mikato, ukucha. Nikamwambia alete miguu tujaribu pale pale mezani, na ukucha ukipita tumemaliza, hakuna aliyemwibia mwenzake.

"Na usipopita?"

"Basi kuna mtu alibadilisha."

"Na mtu huyo ni mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umepanda gari kutoka Embu uje usiseme?" Akasogeza sahani yake. "Umetumwa na Mwiti. Leo mnataka kuiona, kesho mtaniambia mmoja si wenyewe. Miguu haitoki."

"Basi hauna."

"Na wewe hivyo ulivyoshika, ni nani anajua umevitoa wapi? Si unafanya kazi gereji sasa?"

Marigu alisema neno moja tu. "Ndengu zinapoa." Zikapoa. Niliondoka nikiamini, na nimeamini miaka yote hiyo, kwamba mtu asiyeficha kitu hafichi miguu ya pistoni.

Basi Alhamisi tulimzika. Kipaza sauti kilizunguka na hakuna aliyenitaja, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Baada ya chakula, watu wakiwa bado kwenye hema, Marigu aliniita ndani. Nyumba sasa ni ya mawe na ina makochi yenye vitambaa, lakini meza ni ile ile na kamba ile ile kwenye mguu. Alifunga mlango. Nilisimama karibu nao.

"Umekuja navyo vyote?"

"Kwanza uniambie vinatakiwa kwa nini, Mama Nyaga."

"Alisema ukija navyo vyote, tujaribu. Usipokuja navyo, niwauzie miguu watu wa vyuma chakavu." Akavuta kutoka chini ya kochi gunia lililokunjwa. Ndani yake kulikuwa na pistoni tatu na miguu yake, zimepakwa grisi, hazina hata doa la kutu. "Alizipaka grisi kila mwaka. Watoto walidhani ni silaha."

"Na mbona hakuniita akiwa hai?"

"Nilimuuliza hivyo. Alisema akiwa hai, ukucha ukikwama mtapigana." Akakaa. "Sasa utapigana na nani?"

Nilihesabu kwanza. Kisha niliinua kila mguu nikaangalia ubavu, pale tupa ilipopita, nikaona ule ulaini wetu wa kijinga. Hata hivyo tupa inaweza kupita kwenye chuma chochote. Nikatoa kifuniko cha kwanza, nikakikalisha kwenye mguu wa kwanza, nikapitisha ukucha. Ukakwama. Nikajaribu mguu wa pili, ukakwama. Marigu hakuwa ananiangalia usoni, alikuwa anaangalia kidole. Nikashika mguu wa tatu, nikafuta grisi kwenye kiungo kwa ncha ya koti langu zuri. Kifuniko kilikaa. Ukucha ukapita kama hakuna kiungo. Cha pili nacho kikapata mguu wake. Cha tatu kilikuwa na mguu mmoja tu uliobaki, na ndio ambao niliuogopa zaidi, kwa sababu hapo hapana pengine pa kujaribu. Kikakaa.

Ilikuwa ni ile ile. Yote. Hakuuza hata mmoja.

"Imepita?" akauliza Marigu.

"Imepita."

"Lete nipitishe mwenyewe."

Nikampa. Alipitisha ukucha wake wa dole gumba kwenye kila kiungo, upande huu na upande ule, polepole, kama mtu anayechambua mchele, na ule wa tatu akaurudia. Sikumlaumu. Kisha akachana ukingo wa gunia, akafunga kila mguu na kifuniko chake kwa uzi, akakaza kwa meno.

"Sasa zitakaa kwa nani?" aliuliza.

Maisha yangu yote swali kama hilo nimelijibu kabla halijaisha. Nje walikuwa wanakunja viti, na mtu alikuwa akiuliza sufuria kubwa ni ya nani. Nikamwambia, "Kaa nazo."

Nilipofika langoni niligeuka. Marigu alikuwa amesimama mlangoni, gunia kifuani, ananiangalia mpaka nitoke. Nilifungua kile kifungo cha mfuko wa ndani, nikatia mkono kuhakikisha kweli hamna kitu, ndipo nikapanda gari.